Hadubini ya OpenFlexure kwenye hewa ya chumvi ya Bagamoyo

Maabara ya shule au ya chuo inayotaka hadubini ya kusomea slaidi za malaria imezoea njia mbili: kuagiza mpya kwa bei ya kuumiza, au kutafuta mtumba na kuomba Mungu lenzi zisiwe na fangasi. OpenFlexure ni njia ya tatu. Unaichapa kwa printa ya 3D, unaifunga mwenyewe, na ikivunjika unachapa kipande kingine.

Ilianzia Chuo Kikuu cha Cambridge, ikakuzwa Chuo Kikuu cha Bath na kundi la mwanafizikia Richard Bowman. Haikubaki huko. Bongo Tech & Research Labs ya Dar es Salaam ni washirika katika kuitengeneza, na Taasisi ya Afya Ifakara, ambayo tawi lake liko hapa Bagamoyo, imeshiriki kuijaribu kwa kazi ya malaria. Michoro yake ni ya bure kwa yeyote. Ila lieleweke mapema: hapa tunaipima kama kifaa cha mafunzo na utafiti. Majibu ya mgonjwa yatoke kwenye kipimo kilichoidhinishwa.

Ufundi wake uko kwenye mwili. Meza ya slaidi haina reli wala beringi. Plastiki yenyewe hupinda kidogo pale ilipochapwa nyembamba, na kupinda huko ndiko kunakoisogeza. Mota tatu ndogo za 28BYJ-48, za volti 5, huzungusha gia, na hatua moja ya mota huisogeza meza chini ya sehemu ya kumi ya mikroni (mikroni elfu moja ni milimita moja). Mdudu wa malaria akiwa bado mchanga, mwenye umbo la pete, ana upana wa mikroni moja au mbili hivi, kwa hiyo kufokasi si tatizo. Tatizo ni masafa. Meza husafiri takriban sentimita moja tu, wakati slaidi ina milimita 75 kwa 25. Ukitaka kuhama kutoka damu nene (tone) kwenda damu nyembamba (iliyotandazwa) kwenye slaidi hiyohiyo, utaisogeza slaidi kwa mkono.

Mwili huchapwa kwa plastiki ya PLA bila vishikizo vya ziada, yaani nguzo za muda za kushikilia sehemu zinazoning'inia. Wengi huharibu hapa: programu ya printa hupendekeza vishikizo, fundi anakubali, kisha vinajaa ndani ya viungo na kuvibandua ni kuvunja. Vizime. Anza na mguu mmoja wa majaribio, umo kwenye mafaili. Ukitoka na nyuzinyuzi kama utando wa buibui, basi plastiki imenyonya unyevu, na kwa mwambao huu hunyonya upesi ukiiacha wazi. Ikaushe, au fungua roli jipya. Kingine ni joto. PLA huanza kulainika kwenye nyuzi joto 60 hivi, na gari lililofungwa vioo juani linaweza kukaribia hapo. Mwili ukishapinda haurudi, chapa mwingine.

Oringi, yaani pete za mpira zinazorudisha meza, zinatakiwa ziwe za Viton, mpira sugu. Za kawaida za dukani zinaingia vizuri siku ya kwanza, lakini mpira unaokaa umevutwa muda wote hupasuka, na dalili yake ni meza kusogea upande mmoja na kugoma kurudi. Watu hulaumu mota bure.

Sasa lenzi, na hapa ndipo pesa iende. Plastiki ikiwa nzuri namna gani, picha ni ya lenzi. Kwa malaria unahitaji ya x100 inayotumiwa na tone la mafuta, yenye uzi wa RMS, yaani kipimo cha kawaida cha skrubu ya lenzi za hadubini. Ukiitoa kwenye hadubini kuukuu soma maandishi ubavuni: 160/0.17 maana yake imetengenezwa kwa bomba la milimita 160, na mpangilio wa kawaida unaikubali. Ukiona alama ya nane iliyolala, hiyo ni ya aina nyingine. Kuna mpangilio wake kwenye michoro, usichanganye. Ikiandikwa Plan, bora zaidi, kwa sababu kingo za picha hazitafifia.

Kamera ni ya Raspberry Pi, kompyuta ndogo inayoendesha hadubini hii, iliyong'olewa lenzi yake ya kiwandani. Usipoipima upya kwa uwanja (eneo linaloonekana kwa mara moja) mtupu usio na damu, picha itakuwa angavu katikati na yenye rangi ya ajabu pembeni. Kwa Giemsa, rangi inayotiwa kwenye slaidi za malaria, hilo si urembo: kiini chekundu na saitoplazimu ya buluu ndivyo vinavyomtofautisha mdudu na uchafu wa rangi. Na uchafu huo hausababishwi na mashine. Giemsa ya asilimia 10 kwa dakika 10 hadi 15, kwa maji ya bafa (yasiyobadilika ukali) yenye pH 7.2, ichujwe kabla. Maji ya bomba yenye chumvi yatakudanganya hata ukiwa na hadubini ya Mjerumani.

Umeme ndio adui wake mkubwa. Ukikatika ghafla wakati kompyuta inaandika, memori kadi huharibika na mashine haiwaki tena. Weka kadi ya pili yenye nakala kamili, tumia chaja ya kweli ya volti 5 na ampea 3, wala si ya simu, na uizime kwa programu kabla ya kuchomoa waya.

Kasi? Msomaji aliyezoea, anayepitia nyanja 100 kabla ya kusema hakuna wadudu, hana haja ya kuihofia mashine hii. Faida yake ni kwamba kila uwanja unabaki picha. Msomaji wa pili anauona uleule, na darasa zima linahesabu pamoja wadudu kwa seli nyeupe 200 ukutani badala ya kupanga foleni kwenye jicho moja.

Kwa anayetaka kuwaonyesha wanafunzi viluwiluwi vya mbu au mwani wa Mlingotini tu, hii ni nyundo ya kuulia sisimizi. Foldscope ya karatasi, kazi ya Chuo Kikuu cha Stanford, hukuza mara 140 na inaingia mfukoni. Wadudu wa malaria kwa Foldscope asahau.

Baada ya kazi futa mafuta kwa karatasi ya lenzi siku hiyohiyo, maana yakishuka hupita pembeni mwa lenzi na kuingia kwenye kamera iliyo chini yake. Kisha ifungie kwenye ndoo ya plastiki yenye mfuniko wa kubana na vipakiti vya silika vya kunyonya unyevu, vile vinavyobadilika rangi. Vikibadilika, vikaushe kwenye oveni ya moto mdogo, hadubini ikiwa nje.