Picha ya bibi kwa staili ya Rembrandt, Kijenge: uso fresh, kilemba hapana

Wadau, nimechukua picha ya bibi yangu kwenye karakana moja pale Kijenge, kuna chalii anachora sura za watu kwenye bati la shaba kwa kuiga Rembrandt, yule mchoraji wa Uholanzi wa miaka ya 1600, na kwa kuwa Arusha hii ukisema picha ya kuchonga unaletewa ubao umechomwa na leza, nikaona niwaambie hii ni habari nyingine kabisa.

Bati linapakwa nta, anakwangua kwa sindano mpaka shaba ionekane, linazamishwa kwenye asidi, asidi inakula palipokwanguliwa tu. Halafu wino, na karatasi mbichi mbichi inakandamizwa kwenye roli. Ukitaka kujua kama hujauziwa ya printa pitisha kidole, wino umesimama kidogo, na pembeni karatasi imebonyea kufuata ukingo wa bati. Yangu iko hivyo. Alafu picha za hivi hutoka zimegeuka kushoto kulia, na bibi ana kovu shavu la kushoto, ila limekaa palepale maana dogo alichora kinyume toka mwanzo.

Sasa uso, aisee. Alinionyesha kwenye simu kipicha cha Rembrandt cha 1628, bi kizee anayesemekana ni mama yake, akasema tufuate hii. Makunyanzi ya chini ya jicho ni vistari vyembamba kama unywele, upande mmoja una mwanga, upande wa pili vistari vimepishana mpaka giza, ila ukisogea jicho unaliona humo ndani linakuangalia.

Tatizo kilemba. Kwenye picha niliyompa dogo, bibi kajifunga kitenge kama wamama wa Marangu wanavyojifunga siku ya kanisa, yeye kamvalisha kitu kama shela la Kizungu, eti ndo staili. Kaka, iga mwanga, nguo za bibi yangu ziache! Bibi mwenyewe kaangalia akauliza, "Huyu sista wa wapi?"

Laki mbili na nusu, nakala ya ziada elfu ishirini. Kwa kazi ya mkono sio ghali, ila bati dai lako kabisa kabla hujalipa, mimi nilipewa baada ya kubishana. Fremu yake usichukue, ni plastiki tupu.