Ushongo, Pangani: kitanda ni rahisi, gharama iko njiani

Nililala kwenye nyumba ya wageni ya ufukweni huko Ushongo, ng'ambo ya mto Pangani mkoani Tanga. Nianze na bei, maana ndiyo inayotuhusu sisi wenye mifuko myepesi. Kitanda kimoja kwenye bweni la watu sita ni shilingi 35,000 kwa usiku, pamoja na chai ya asubuhi. Ukija na hema lako unalipa chini ya hapo. Chumba cha peke yako chenye choo ndani ni 90,000, na wawili wanaosafiri pamoja wapige hesabu vizuri: vitanda viwili vya bwenini ni 70,000, hivyo ile 20,000 ya juu inakununulia mlango wako mwenyewe na usiku usio na mkoromo wa jirani. Jina la mahali silitaji, kwa sababu nina malalamiko mawili matatu na sipendi kumharibia mtu riziki.

Tovuti yao, nilipoiangalia, bado ilikuwa inaonyesha dola, ingawa kanuni za mwaka 2025 zimekataza bei za ndani kutajwa kwa fedha za kigeni. Mapokezi walinitajia shilingi bila ubishi. Hata hivyo uliza kabla ya kuandikisha jina, usije ukapigiwa mahesabu ya kiwango cha kubadilishia wanachokijua wao peke yao.

Sasa njia. Ushongo hakuna daladala inayokushusha mlangoni. Nilitoka Dar na basi la Tanga, nikashuka Muheza, nikapanda Kosta ya Pangani iliyobeba watu, magunia na tenga la kuku, tukatikisika hadi mjini Pangani. Hapo unavuka mto. Daraja lilikuwa bado linajengwa nilipopita, kwa hiyo nilivuka kwa kivuko, ambacho nauli yake kwa mtembea kwa miguu haikufika bei ya soda. Kivuko kikiwa upande wa pili ulikuwa na muda wa kuzunguka mjini. Mji ni mdogo na majumba yake ya zamani yamechoka, lakini hapa ndipo Abushiri bin Salim, kiongozi wa upinzani wa pwani aliyewatoa Wajerumani jasho, aliponyongwa mwaka 1889, na mtu anayependa historia hatakosa la kutazama kati ya Boma, jumba la zamani la utawala, na gati.

Ng'ambo ni kijiji kiitwacho Bweni, na kutoka Bweni hadi Ushongo ni bodaboda. Mimi na begi langu tulikwenda kwa 15,000 baada ya kubishana kutoka 25,000. Kwenda na kurudi ni 30,000, karibu sawa na usiku mmoja wa kulala. Ndiyo maana nasema kulala usiku mmoja huku ni hasara tupu. Bei ya kitanda inaanza kuwa na maana siku ya tatu, ya nne, gharama ya njia inapogawanyika. Upande huu wa mto ndiko Kikogwe, ilikopandwa katani ya kwanza nchini mwaka 1893. Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche elfu moja kutoka Florida, ikafika hai 62 tu, na kutoka hiyo 62 mkoa mzima wa Tanga ukageuka mashamba ya katani. Kijana aliyenibeba hakuwa na habari za Hindorf wala hakuonekana kuzihitaji. Yeye alijua mashimo ya barabara, moja baada ya jingine, na kwa hilo nampa alama zote.

Nilipofika mapokezi, binti aliniangalia, akaangalia begi, akauliza kwa adabu kabisa: "Karibu kaka, umekuja kumchukua mgeni?" Nikamwambia mgeni ni mimi. Akacheka kwa aibu, akaniletea maji ya dafu, na tangu hapo alinihudumia vizuri kuliko yeyote pale. Simlaumu. Kile chumba cha bweni chote kilikuwa na Wajerumani, Waholanzi na msichana mmoja wa Kenya aliyeulizwa swali hilohilo. Wenye nyumba ndio wanaopaswa kuwaambia wafanyakazi wao kwamba Watanzania nao siku hizi wanabeba begi na kwenda kulala ufukweni kwa pesa zao.

Bweni lenyewe ni banda la makuti lenye kuta za miti hadi kifuani, juu wazi, upepo unapita. Vitanda ni vya ghorofa, vya mbao nzito, havilii ukigeuka. Vyandarua vizima, nilivikagua kwa tochi, sikuona tundu. Kila kitanda kina kisanduku chini yake, ila kufuli uje nalo. Shuka safi, taulo hakuna. Umeme ni wa jua, taa zinazimwa usiku na sehemu za kuchajia simu ziko baa tu, kwa hiyo jioni utakuta simu zimelaliana kwenye kaunta na kila mtu anailinda yake kwa jicho la pembeni. Usiku wa kwanza komba walitembea juu ya makuti wakilia sauti ya mtoto mchanga, na Mholanzi wa kitanda cha chini akaketi wima. Kesho yake mlinzi, mzee wa makamo, nilipomwamkia akaitikia: "Marahaba mwanangu. Hao wanafuata mnazi wa watu tu, hawana neno." Kweli, wagema wa hapo wanawalalamikia komba kwa kuwanywea tembo, yaani pombe ya mnazi, kwenye vibuyu.

Maji ya kuogea ni ya kisima na yana chumvi. Sabuni haitoi povu, na nywele zinakauka. Si kosa lao, ndivyo visima vya pwani vilivyo, lakini ingefaa waandike mahali mtu akajiandaa. Maji ya kunywa wanauza chupa ya lita moja na nusu kwa 2,500, nami nikaona hapana: nunua maboksi mjini Pangani kabla hujavuka. Mashine ya kutolea pesa nayo iko mjini humohumo, kwa hiyo beba taslimu. Kuna wakala kijijini, lakini salio likimwishia utasubiri hadi kesho.

Chakula ndicho kilichoniudhi. Orodha yao imejaa piza, tambi na saladi, mlo wa usiku 20,000 na zaidi, na samaki mzima ni bei ambayo sokoni ungenunua kapu. Niliona wafanyakazi nyuma ya jiko wakila ugali na kibua wa kuchoma na kachumbari, nikaomba niuziwe sahani. Wakaniambia hicho si chakula cha wageni. Basi nikawa natembea ufukweni hadi kijijini, Ushongo Mabaoni, kwa mama mmoja anayepika chini ya mwembe. Wali wa nazi, maharage na kipande cha samaki changu kwa 3,500, na ukiwahi kabla ya saa saba unapata pweza wa mchuzi. "Mwanangu, umekonda, wale Wazungu hawakulishi?" alinitania, akaniongezea ukoko. Alasiri ana mihogo ya kukaanga na chatne ya embe. Siku nilizokula kwake ndizo zilizoiokoa bajeti yangu, nami namshauri yeyote anayekwenda alipie kitanda na chai ya asubuhi tu, mengine amalizie kijijini.

Sasa jambo ambalo hakuna tovuti niliyoona ikilisema: kabla ya kuchagua tarehe, angalia mwezi. Ufuko wa Ushongo ni tambarare. Maji yakitoka siku za bamvua yanakwenda mbali, unabaki na mchanga wenye matuta, mwani na kina mama wanaochokoa pweza. Siku hizo, mwezi unapoandama au unapokuwa mpevu, maji hujaa alfajiri na tena alasiri kama saa kumi, na saa nne asubuhi yametoka kabisa. Mtu aliyekuja kuogelea asubuhi ataona kaibiwa. Maji mafu, yaani siku za nusu mwezi, ni kinyume chake: saa nne asubuhi bahari imejaa, na ikitoka haiendi mbali. Mimi nilikuwa pale wakati wa mwezi mpevu na nilifurahi, kwa sababu nilitaka kwenda Maziwe.

Maziwe ni fungu la mchanga katikati ya bahari. Zamani kilikuwa kisiwa chenye miti, mivinje hasa, na kasa wengi walikuwa wakipanda kutaga mayai. Miti ikaisha, mawimbi yakala ardhi, na sasa maji yakijaa kisiwa chote kinafunikwa. Kasa bado wanakuja kutaga, na mayai yakiachwa yangezama, hivyo walinzi huyahamisha hadi ufuko wa Ushongo na kuyafukia upya hadi yaanguliwe baada ya miezi miwili hivi. Niliviona viota hivyo, vimezungushiwa uzio mita chache kutoka mgongoni mwa baa. Ukienda Maziwe bamvua asubuhi unakuta fungu refu jeupe na muda wa kutosha kukaa. Maji mafu utapata kipande tu.

Safari ile nililipa 60,000 na ada ya hifadhi juu yake, miwani ya kuzamia na mrija vikiwemo. Mashua haiondoki na watu chini ya wanne, kwa hiyo jiandikishe mapema na uwashawishi wenzako wa bwenini. Nahodha alikuwa mtu wa Pangani, mpole, anayeyajua matumbawe kwa majina ya kienyeji. Alituonyesha sehemu zilizovunjwavunjwa na baruti. Mwambao wa Tanga ulisifika vibaya kwa uvuvi huo. Upande wa nje ya kisiwa matumbawe yapo hai, na samaki ni wengi hata mimi nisiyejua kuzamia niliwaona nikiwa naelea na jaketi. Kama una pesa ya anasa moja tu katika safari hii, itumie hapa, si kwenye piza.

Kuhusu msimu: nilikwenda Februari, msimu wa kaskazi, yaani upepo wa kaskazini, asubuhi bahari imetulia na upepo unaamka mchana. Mzee mlinzi aliniambia kusi, upepo wa kusini, ikishika, mchanga unaingia hadi kwenye chai, na mashua nyingine hazitoki. Masika sikushauri hata kidogo. Barabara ya kutoka Bweni inakuwa tope, na mto Pangani unamwaga maji ya rangi ya udongo hadi ufukweni.

Mtandao wa simu unapatikana ukisimama karibu na mnazi ulioinama, kule bwenini ni wa kubahatisha. Mwanamke anayesafiri peke yake: yule dada wa Kenya alisema alilala bila wasiwasi, bafu za wanawake zina makomeo na mlinzi anazunguka usiku kucha, ila alinung'unika kwamba njia ya kwenda chooni haina taa, nami naungana naye.

Kuondoka kunahitaji mpango. Anayetaka basi la Dar siku hiyohiyo aagane na bodaboda tangu jana yake na atoke Ushongo alfajiri, avuke mto mapema, akae kwenye Kosta ya Muheza kabla jua halijakolea. Bodaboda uitafute mwenyewe kijijini, maana ukiitiwa na mapokezi bei inarudi palepale kwenye 25,000.