Slivu au baipasi: tathmini ya upasuaji wa kupunguza uzito kabla hujasaini fomu

Kliniki nyingi humpokea mgonjwa zikiwa zimeshamchagulia slivu, yaani kukata na kuondoa sehemu kubwa ya tumbo. Kwa asiye na kiungulia ni upasuaji mzuri, mfupi kuliko baipasi, ule wa kukipitisha chakula njia ya mkato hadi kwenye utumbo. Kasoro ni kwamba huuzwa hata kwa wasioifaa.

Katika slivu daktari huingia kwa matundu madogo, mrija wa kupimia hupitishwa mdomoni hadi tumboni, kisha hukata na kupiga stepla kando yake. Takriban asilimia 80 ya tumbo hutolewa. Kinachobaki kina umbo la ndizi, na hakuna kurudisha. Sehemu iliyotolewa ndiyo iliyotengeneza kiasi kikubwa cha ghrelini, homoni ya njaa, ndiyo maana hamu ya kula hushuka miezi ya mwanzo. Lakini tumbo jembamba lina shinikizo kubwa, na asidi hupanda kwenye umio, njia ya chakula kutoka kooni. Mwenye kiungulia cha kila siku au umio uliokwisha kuchubuka yuko hatarini kurudishwa mezani abadilishiwe baipasi. Kwa hiyo kliniki inayopendekeza slivu bila kummulika mtu tumbo kwa kamera, sisi tungeiacha.

Baipasi ina kazi zaidi. Kifuko cha mililita 30 hivi hutengwa juu ya tumbo na kuungwa na utumbo mwembamba, chakula kikaruka tumbo lililobaki na mwanzo wa utumbo. Kiungulia hupungua. Sukari kwa wenye kisukari aina ya 2 huweza kushuka ndani ya siku chache, kabla ya kilo kupungua, hivyo dozi za insulini zipangwe upya mapema la sivyo sukari itaporomoka. Kwa wastani baipasi huondoa kama asilimia 30 ya uzito wote wa mwili, slivu kama 25, katika mwaka mmoja hadi miwili. Baada ya hapo kiasi fulani hurudi, na anayeahidi vinginevyo anauza.

Ubaya wa baipasi: vidonda kwenye maungio, hasa kwa wavutaji sigara na wanaomeza ibuprofeni au diklofenaki. Utumbo pia huweza kunasa kwenye upenyo wa ndani, hata miaka mingi baadaye. Maumivu makali ya tumbo yanayokuja na kuondoka ni ya kukimbilia hospitali. Ukinywa vitu vitamu, tarajia jasho, moyo kwenda mbio na kuhara.

Bendi, mkanda unaofungwa sehemu ya juu ya tumbo, tusingeichagua: huteleza, au hula ukuta wa tumbo, na nyingi zimeishia kutolewa. Puto linalojazwa ndani ya tumbo si upasuaji. Aina nyingi hukaa miezi 6, na likitoka wengi hunenepa tena.

Kigezo cha zamani, cha 1991, kilikuwa BMI (kipimo cha uzito kulingana na urefu) ya 40, au 35 yenye ugonjwa unaotokana na unene. Mwongozo wa kimataifa wa 2022 umeshuka: 35 hata bila ugonjwa, na 30 kwa mwenye kisukari aina ya 2.

Wiki mbili kabla ya upasuaji mgonjwa hupewa mlo wa kama kalori 800 hadi 1,000 kwa siku. Lengo ni kusinyaza ini. Ini lenye mafuta hulifunika tumbo, na lisipoinuka daktari hulazimika kusitisha mgonjwa akiwa tayari amelala.

Baada ya upasuaji ni vinywaji kwa wiki mbili hivi, kisha vyakula vilivyosagwa, kisha laini, na vigumu baada ya wiki 6 hadi 8. Protini gramu 60 hadi 80 kwa siku. Usinywe maji pamoja na chakula. Subiri nusu saa. Vitamini ni za maisha: B12, D, madini ya chuma, na kalsiamu ya sitreti miligramu 1,200 hadi 1,500, ikimezwa saa mbili mbali na chuma kwa sababu hupingana. Ujauzito usubiri miezi 12 hadi 18.

Stepla zikivuja, dalili ya kwanza huweza kuwa mapigo ya moyo kupita 120 kwa dakika, kabla ya homa wala maumivu. Mtu akiambiwa kwa simu "ni wasiwasi tu", asikubali. Kutapika mfululizo nako humaliza thiamini (vitamini B1) mwilini. Dripu ya sukari ikitangulia kabla ya thiamini, ubongo huweza kuharibika. Mweleze hivyo daktari yeyote wa dharura, maana si wote wanaojua.

Hivyo unapouliza bei, uliza pia kama inajumuisha mtaalamu wa lishe, vipimo vya damu vya miezi 3, 6 na 12, na nani hupokea simu usiku. Kifurushi kinachoishia siku ya kuruhusiwa kutoka wodini kimeacha nje sehemu kubwa ya matibabu, nawe utailipia kando.