Uchambuzi wa filamu ya A torinói ló: upepo, viazi na farasi aliyegoma

Watazamaji wangu, karibuni. Ninazungumza nanyi kutoka Uyole, hapa Mbeya, katika baridi hii ya Julai, na filamu ninayoichambua leo ni A torinói ló, yaani Farasi wa Torino, iliyotolewa mwaka 2011 na mwongozaji wa Hungaria, Béla Tarr, akishirikiana na Ágnes Hranitzky. Ina urefu wa takriban saa mbili na nusu, haina rangi ila nyeusi na nyeupe, na katika muda huo wote imeunganishwa kwa vipande vya picha takriban 30 tu, kiasi kwamba kamera ikishaanza kumfuata mtu humfuata dakika nyingi bila kukatwa.

Inaanza na kiza na sauti ya msimulizi. Inasimuliwa kwamba tarehe 3 Januari 1889, mjini Torino nchini Italia, mwanafalsafa Friedrich Nietzsche alimwona farasi akichapwa na mwenye farasi huyo, akamkumbatia mnyama shingoni, na tangu siku hiyo akili zake hazikurejea. Msimulizi anamaliza kwa kusema kuwa habari za farasi hazijulikani. Baada ya hapo Nietzsche hatajwi tena. Tunabaki na mzee ambaye mkono wake wa kulia umepooza, binti yake, farasi wao, na nyumba ya mawe iliyo peke yake bondeni, ikipigwa na upepo usiokoma kwa siku kadhaa mfululizo.

Kila siku wanakula kiazi cha kuchemsha, kimoja kwa kila mtu. Nimekulia Umalila, kwenye viazi mviringo, na nilidhani hakuna ambacho filamu ya Ulaya ingeweza kunionyesha kuhusu kiazi. Nilikosea. Siku ya kwanza kamera inamkazia mzee, ambaye anakimenya kiazi kikiwa bado kinatoa mvuke, kwa vidole vya mkono mmoja, akivipuliza, akipasua na kutupia chumvi kwa haraka, kama mtu anayehofia kunyang'anywa. Siku ya pili mlo ni uleule, lakini sasa tunamtazama binti, naye anamenya polepole na kula kidogo kidogo, macho yake yakiwa mezani. Baadaye tunawaona wote wawili kwa pamoja. Hakuna neno lililosemwa kuhusu njaa, wala kuhusu uhusiano wa baba na mwana, lakini ukiwa umewahi kukaa kwenye meza ambayo chakula chake kinahesabika, utaelewa kila kitu kwa namna mkono unavyokwenda kwenye chumvi. Mwendo wa taratibu ambao watu wengi wanaulalamikia ndio unaotupa nafasi ya kuona hayo. Vivyo hivyo kwa safari ya kisimani: binti anajifunga nguo juu ya nguo, anafungua mlango, upepo unamsukuma, anachota ndoo mbili, anarudi, na sisi tunatembea naye hatua zote.

Kuhusu namna ya kuitazama, ninawasihi msiitazame kwenye simu. Giza la ndani ya ile nyumba lina viwango vingi vya weusi ambavyo kioo kidogo huvigeuza kuwa doa moja, na kazi ya mpigapicha Fred Kelemen inapotea. Funga mapazia, tazama usiku, na weka spika nzuri, kwa sababu upepo na muziki wa Mihály Víg, ambao ni mdundo mmoja mzito unaojirudia, vinabeba nusu ya filamu. Mazungumzo ni machache, na maandishi ya Kiingereza chini ya picha yanatosha. Tumezoea filamu zilizotafsiriwa kwa sauti ya msimulizi wetu anayejaza kila pengo, na mtindo huo ninaupenda, lakini hapa ukimya wenyewe ndio umeandikwa na watunzi, Tarr na mwandishi László Krasznahorkai.

Kasoro ninayoiona ni ile sehemu ya jirani anayekuja kuomba pombe kali ya matunda na kutoa hotuba ndefu kuhusu uharibifu wa dunia. Filamu iliyokwisha kutuamini kwa kiazi na ndoo haikuhitaji mtu wa kutueleza.

Mara ya pili niliitazama na mama yangu, ambaye amelima viazi na kufuga maisha yake yote. Siku ya pili ya hadithi, farasi anapofungwa kwenye mkokoteni na kukataa kuondoka, mimi nilimwangalia mzee anayempiga, mama aliangalia masikio na macho ya farasi, akasema, "Mwanangu, huyo mnyama ameshajua." Hapo farasi hajaanza kukataa majani, wala maji, wala kisima hakijakauka. Nilirudisha nyuma tukakiangalia kipande hicho tena, na kweli, kamera inakaa kwa yule farasi muda mrefu kuliko inavyokaa kwa mwenye mjeledi. Siku ya sita sitaisimulia. Mkifika siku ya pili, mwangalieni farasi.