Tahadhari kwa wageni wanaohamia Kigoma: msipokee laini ya simu iliyosajiliwa kwa jina la mtu mwingine

Ndugu zangu mnaohamia Kigoma kwa kazi, kwa ndoa au kwa masomo, na hasa ninyi mnaoingia kwa njia ya Manyovu mkitokea Burundi, naandika kuwatahadharisha kuhusu mtu anayewapokea wageni stendi ya Masanga, akawatafutia chumba, akawapa laini ya simu iliyokwisha kusajiliwa, na baada ya miezi miwili au mitatu akatoweka na akiba yao yote. Alinifanyia mimi. Jina lake sitaliandika, kwa sababu shauri liko polisi na sitaki kuliharibu. Isitoshe, nina hakika kwamba jina alilonipa si lile analowapa wengine. Nitaeleza namna anavyofanya, ili mwenye kukutana naye amtambue kwa hilo.

Mimi ni mwalimu wa Kifaransa. Nilifika Kigoma mwezi Januari nikiwa na mabegi mawili, binti yangu wa miaka saba, pasipoti zetu na barua ya shule binafsi iliyoniajiri. Gari letu lilichelewa njiani, na mtu aliyetumwa na shule kutupokea alikuwa amekwisha kuondoka. Mwanamume mmoja wa makamo akatusogelea, akatusalimu kwa Kirundi, "Mwiriwe," akampokea binti yangu begi lake na kuuliza kama tumekula. Kiha, lugha ya wenyeji wa Kigoma, na Kirundi ni lugha zinazoelewana karibu bila mkalimani, kwa hiyo salamu ile haikunishangaza, ilinituliza. Akaniita dada, nami nikamwita kaka, na tangu hapo sikumwuliza hata swali moja ambalo ningemwuliza mtu baki.

Siku ile hakuomba hata shilingi. Alituitia bajaji, akalipa nauli mwenyewe, akatufikisha kwenye gesti iliyo safi na yenye bei ya haki, kisha akaaga. Naomba mlizingatie jambo hili, kwa sababu wengi tumefundishwa kwamba tapeli ni yule anayekurupuka kudai fedha. Huyu hutoa kwanza. Nauli ya bajaji ndiyo mtaji wake.

Asubuhi yake alikuja na mambo mawili: chumba na laini. Kuhusu laini alinieleza kwamba mgeni hawezi kusajiliwa mpaka apate kitambulisho cha taifa, kwamba jambo hilo huchukua miezi mingi, na kwamba yeye kwa moyo wa undugu angenipa laini iliyosajiliwa kwa kitambulisho chake ili nisikae bila mawasiliano. Maneno hayo si ya kweli, na wizi wote uliofuata ulisimama juu ya uongo huo mmoja. Mgeni asiye na kitambulisho hicho cha taifa (cha NIDA) husajili laini kwa pasipoti yake mwenyewe na alama zake za vidole, katika duka la kampuni ya simu. Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010 inamtaka kila mtumiaji wa laini asajiliwe, na tangu tarehe 20 Januari 2020 laini zisizosajiliwa kwa alama za vidole zilianza kufungwa. Ndiyo maana laini iliyokwisha kusajiliwa imekuwa bidhaa inayouzwa kwa siri, na ndiyo maana mgeni asiyejua utaratibu huiona kuwa zawadi.

Kisha alinipa ushauri ambao ukiusikia peke yake ni ushauri mwema: nisiweke fedha taslimu katika chumba cha kupanga chenye majirani nisiowajua, bali niziweke kwenye simu. Nilikuwa nimeuza samani zangu Bujumbura na kubadilisha faranga kuwa shilingi. Nikaziingiza kwa wakala, nikachagua namba ya siri mwenyewe, sikumtajia mtu yeyote, nikaamini kwamba maadamu namba ya siri ninaijua peke yangu, fedha ni zangu. Hapo ndipo nilipokosea, na ninaamini wengi wanakosea hapo hapo. Namba ya siri inailinda fedha dhidi ya mtu aliyeokota simu yako. Haiilindi hata kidogo dhidi ya mtu ambaye jina lake limeandikwa kwenye laini. Huyo hahitaji kuibahatisha namba yako ya siri. Anakwenda dukani na kitambulisho chake, anasema laini yake imepotea, anaweka kidole, anapewa laini mpya yenye namba ileile ya simu, anaweka namba ya siri nyingine, na anatoa fedha kwa wakala kama mtu anayetoa mshahara wake.

Onyo nililipata mapema, nikalipuuza. Mwisho wa Februari mhasibu wa shule aliponitumia mshahara alinipigia simu kabla ya kuthibitisha muamala, akaniambia, "Mwalimu, jina linalotokea hapa ni la mwanamume. Nitume?" Nikamjibu kwamba ni jina la kaka aliyenisaidia kupata laini, atume tu. Alisita, akauliza tena, akatuma. Mtu yeyote akitaka kukutumia fedha kwa simu, jina la mwenye laini humtokea kwenye kioo kabla hajathibitisha. Kwa hiyo kama jamaa yako aliyeko Kasulu au Dar es Salaam anakuambia kwamba jina linalotokea si lako, usimtoe wasiwasi kama nilivyofanya mimi. Jina analoliona yeye ndilo litakalosomwa na kampuni siku fedha zitakapopotea.

Ijumaa moja jioni katikati ya Machi simu yangu ilikosa mtandao. Mvua ilikuwa inanyesha na umeme umekatika, nikadhani minara ina hitilafu, nikalala. Jumamosi nilikwenda duka la kampuni. Binti aliyenihudumia alikuwa mstaarabu, na jibu lake lilikuwa sahihi ingawa lilinikata maini: laini ile imerudishwa jana jioni na mwenyewe, na kwa kuwa mimi si mwenyewe, hawezi hata kunitajia salio lake. Kulikuwa na shilingi 1,340,000. Simlaumu. Kwa mujibu wa maandishi aliyokuwa nayo mbele yake, mimi ndiye niliyekuwa nikitumia laini ya mtu mwingine, na maandishi hayo yalikuwa yanasema kweli.

Kuhusu chumba, mbinu ilikuwa ileile, nayo nitaieleza kwa ufupi. Kodi ilikuwa shilingi 70,000 kwa mwezi, nami nilimkabidhi ya miezi sita, yaani 420,000, akaniandikia karatasi kwa mkono wake. Kudaiwa kodi ya miezi sita au ya mwaka mzima ni desturi ya mji huu na ya miji mingi ya Tanzania, kwa hiyo mgeni asishtuke akiambiwa hivyo na mwenye nyumba wa kweli. Tapeli hujificha ndani ya desturi hiyo. Mwezi wa tatu mama mwenye nyumba alikuja kugonga mlango akidai kodi. Alikuwa amepokea ya miezi miwili tu, na alikuwa ameambiwa kwamba mimi ni mdogo wake huyo bwana. Zile 280,000 zilizobaki hazikumfikia. Namshukuru mama huyo hadharani, kwani alipoisikia habari yangu alinivumilia mpaka mshahara uliofuata, na mkataba tulionao sasa una jina lake, jina langu na sahihi za mashahidi.

Ninazo sababu za kuamini kwamba ameanza kuuza kitu cha tatu. Mgeni mmoja kutoka Uvira, Kongo, aliyefika kwa boti na kushukia Kibirizi, aliniambia kwamba mtu wa sura na mazungumzo hayohayo amemtaka alete mtaji wa duka, leseni iandikwe kwa jina la mwenyeji, kisha wagawane faida. Ndugu zangu, hili ni hatari kuliko laini. Amri iliyotolewa Julai 2025 inawakataza wasio raia kufanya aina 15 za biashara, ikiwamo ya rejareja na uwakala wa fedha za simu, na adhabu ya mgeni anayekutwa akizifanya ni faini isiyopungua shilingi milioni 10 au kifungo kisichozidi miezi sita, pamoja na kufutiwa hati ya ukaazi. Siku mtaji wako utakapoliwa hutakuwa na mahali pa kushitaki, kwa kuwa kujieleza polisi ni kujishitaki wewe mwenyewe. Naamini anajua hivyo, na ndiyo maana anaipendekeza.

Sasa nieleze la kufanya. Kama unatumia laini uliyopewa na mtu, leo hii piga *106# na ufuate maelekezo, utaona laini imesajiliwa kwa jina la nani. Ukikuta si jina lako, usimpigie aliyekupa kumwuliza, maana utakuwa umemharakisha. Nenda kwa wakala, toa fedha zote mpaka ya mwisho, kisha nenda duka la kampuni yenyewe, wala si kwa kijana mwenye mwavuli barabarani, ukiwa na pasipoti yako, na hati ya ukaazi kama umekwisha kuipata. Baada ya kusajiliwa usiondoke dukani kabla ya kupiga tena *106# na kusoma jina lako kwa macho yako. Soma pia herufi moja moja, kwa sababu majina yetu ya Kirundi huandikwa vibaya mara nyingi, na jina lisilolingana na pasipoti litakusumbua siku utakapotaka kufungua akaunti ya benki. Akaunti hiyo ifungue mara hati zako zikikamilika. Simu iwe ya fedha za matumizi ya wiki tu. Na ukipata ujumbe wa mtu anayekutaka utume fedha kwa namba usiyoijua, itume namba hiyo kwenda 15040.

Kabla ya kulipa kodi, fika ofisi ya serikali ya mtaa, jitambulishe kwa mtendaji au mwenyekiti, na uulize nyumba ile ni ya nani. Utahitaji kufahamika pale hata hivyo, kwa kuwa barua ya utambulisho ya mtaa huombwa mahali pengi. Kodi mlipe mwenye nyumba mwenyewe, kwa njia inayoonyesha jina lake, na dalali mlipe udalali wake peke yake, ambao kwa kawaida ni kodi ya mwezi mmoja. Dalali wa halali hatakasirika ukimwambia kwamba unataka kuonana na mwenye nyumba. Akikasirika, ondoka.

Kuhusu vibali, aliye mwajiriwa hana sababu ya kumtafuta mtu wa mitaani. Kibali cha kazi hutolewa na Kamishna wa Kazi chini ya sheria ya mwaka 2015 inayoratibu ajira za wageni, na hati ya ukaazi ya Daraja B hutolewa na Idara ya Uhamiaji. Maombi hayo yanahusisha mwajiri wako. Daraja A ni la wawekezaji na waliojiajiri, Daraja C ni la wanafunzi, watafiti na wengineo. Malipo ya serikali hufanywa kwa namba ya kumbukumbu ya malipo yenye tarakimu 12, benki au kwa simu, na stakabadhi hutoka ikiwa na jina lako. Mtu akikuambia umpe mkononi "ya kuharakisha", awe ofisa au awe anajifanya ofisa, piga 113, namba ya bure ya TAKUKURU, taasisi ya kupambana na rushwa. Bwana yule alinidai 400,000 kwa ajili hiyo, nikaokoka tu kwa kuwa shule ilikuwa imekwisha kuanza kunishughulikia.

Wiki iliyopita nilipita Masanga nikamwona tena. Alikuwa amempokea begi mama mmoja mwenye mtoto mgongoni, wakizungumza Kirundi na kucheka. Nilimsogelea yule mama, nikamsalimu, nikamwomba kwa adabu aje nami mpaka duka la simu kabla ya kukubali laini ya mtu. Yule bwana aliniangalia, akaweka begi chini taratibu, akaondoka bila neno. Polisi nilikuwa nimewaarifu, lakini alipotea kabla hawajafika.

Kwa hiyo wale mlioibiwa kwa namna hii msikae kimya kwa aibu, wala msiogope kwamba laini haikuwa yenu. Mimi nilieleza ukweli wote, pamoja na kosa langu la kutumia laini ya mtu mwingine, polisi wakaniandikia taarifa na kunipa namba ya RB, yaani namba ya kumbukumbu ya taarifa hiyo. Nendeni na karatasi mlizoandikiwa, jumbe za miamala mlizonazo na majina ya wahasibu au jamaa waliowahi kuwatumia fedha na kuliona jina lake kwenye kioo, kwa sababu hao ndio mashahidi wetu. Mkifika, ombeni mpelelezi aunganishe malalamiko yenu na yaliyokwisha kuandikwa kuhusu laini za wageni stendi ya Masanga.