Gandhi au Ambedkar: nani aliijua dawa ya matabaka?

Wote wawili walitaka Mhindi asiitwe najisi kwa kuzaliwa kwake. Walichotofautiana ni njia.

Gandhi aliwaendea watu wa tabaka la juu: watubu, wafungue mahekalu, washike ufagio wa choo wenyewe. Aliweza kufika mioyoni, mahali ambapo sheria haiingii. Lakini kusubiri mtesaji alainike kuna gharama, na anayeilipa ni anayeteswa.

Ambedkar, mwanasheria mzaliwa wa wasioguswa, yaani watu wa chini kabisa walioonwa najisi, hakusubiri. Machi 1927, mjini Mahad, aliteka kwa kiganja maji ya bwawa la umma ambalo wasioguswa walikatazwa, akanywa, na maelfu wakamfuata. Ng'ombe walikunywa pale siku zote! Wenzake walipigwa siku hiyohiyo. Mwaka 1932 Gandhi alifunga kula gerezani kupinga wasioguswa kuchagua wawakilishi wao kwa kura ya peke yao; Ambedkar akalegeza, akapata viti 148 vilivyotengewa wasioguswa katika mabaraza ya majimbo. Kisha ikaja katiba ya India, ambayo Ambedkar aliongoza kamati ya kuiandika: kifungu cha 17 kinaharamisha kutoguswa. Hicho hakitegemei huruma ya mtu, ingawa kijijini kinahitaji polisi na hakimu waadilifu.

Kama wewe ndiye unayekatazwa kisima, ningekuelekeza kwa Ambedkar. Kama kisima ni cha babu yako, anza na Gandhi.