TAHADHARI: Krenki "mpya kwenye boksi" zinazouzwa Mwanza na visiwani, pini imechomelewa

Wana bodaboda na mafundi wa Mwanza, Sengerema, Magu na Ukerewe, kuweni macho. Kuna muuzaji anazungusha matangazo kwenye magrupu ya WhatsApp kwamba ana krenki mpya (mhimili wa injini unaozungushwa na pistoni) za Boxer, TVS na CG 125, bei karibu nusu ya dukani. Sharti lake ni moja: umwachie krenki yako iliyokufa, eti anaipeleka chuma chakavu.

Anachouza si kipya. Ni krenki kuukuu zilizofumuliwa, zikawekwa konrodi (mkono unaounganisha pistoni na krenki) ya bei chee, zikapigwa brashi ya waya, zikapakwa oili na kufungwa nailoni ndani ya boksi lenye nembo. Hiyo unayomwachia ndiyo inayoingia kwenye boksi linalofuata.

Kufumua krenki peke yake si kosa. Krenki za pikipiki hizi ni sahani mbili za chuma zilizoshikwa na pini iliyogandamizwa kwa presi. Konrodi ikichoka, unatoa pini na kuweka seti mpya: konrodi, pini, beringi ya sindano na washa zake. Kasheshe inaanza pale tundu la sahani limefumuliwa mara nyingi hadi likapanuka, pini ikawa inaingia bila kubana. Fundi mkweli anaitupa sahani hiyo. Hawa wanachomelea ncha za pini, wanasaga kwa grainda na kupuliza rangi ya fedha juu. Moto ule unaharibu ugumu wa pini na kuvuta sahani, krenki inayumba. Beringi kubwa zinaliwa, sili inavuja, magneti inaanza kukwaruza koili. Weld ikiachia ukiwa barabarani na tenga la sangara nyuma, konrodi inaweza kutoboa kasha la injini, na hapo unanunua injini.

Ukiletewa krenki, usifunge kabla hujaiosha kwa petroli. Mulika tochi ncha za pini pande zote mbili: unatakiwa kuona duara safi la chuma, bila alama ya grainda wala kovu la moto. Pitisha kidole kwenye ukingo wa sahani. Ukikuta vidonda vya nyundo ya chuma, imenyooshwa kwa kugongwa. Fundi anayejua hutumia nyundo ya shaba. Angalia pia mkato wa ufunguo wa magneti na nyuzi za nati, maana kitu kipya hakiwezi kuwa na mkato uliolegea.

Kuna kipimo cha oili ambacho wengi hawakifanyi, nacho ndicho kinachowaumbua. Kwenye injini kama CG 125, oili inaingia kupitia tundu la ncha ya krenki upande wa klachi, inapita ndani ya sahani hadi kwenye pini, kisha kwenye beringi ya sindano. Pini ina tundu lake. Ikigandamizwa ikiwa imezungushwa vibaya, matundu hayakutani na beringi inakauka. Chukua bomba la sindano, jaza oili nyepesi, sukuma kwenye ile ncha. Isipochuruzika chini ya konrodi, irudishe.

Muuzaji atakuchezesha konrodi kulia na kushoto akwambie "ona ilivyo laini". Hiyo nafasi ya pembeni ni ya kawaida; kwa CG 125 mwisho wake ni milimita 0.80, pima kwa fila geji, vile vibati vyembamba vya kupimia nafasi. Inayoua ni ya juu na chini. Simamisha konrodi, ivute na kuisukuma moja kwa moja kuelekea kwenye pini. Ukisikia hata "tik" moja, hiyo imekwisha. Kuyumba kunapimwa kwa geji ya mshale, krenki ikiwa imelala kwenye vitalu viwili vyenye mkato wa V. Iliyotoka kufungwa upya isizidi milimita 0.05, ikifika milimita 0.10, usiifunge. Kama muuzaji hataki ipimwe, umeshapata jibu.

Wanaoumia zaidi ni walioko Nansio, Ukara na mialo ya mbali. Pesa inatangulia kwa simu, boksi linakuja na meli, ukifungua na kulalamika namba haipatikani. Lipia mzigo ukiwa mkononi, au mtume fundi wako aliyeko mjini akaupime kabla haujapakiwa. Jina linalotokea kwenye lipa namba lifanane na jina la duka, na dai risiti ya EFD yenye neno "krenki", siyo "spea" tu.

Na krenki yako usiiache. Kama sahani bado zinabana, inunulie seti ya konrodi na uipeleke karakana yenye presi na geji, usimame pale wakati inagandamizwa. Ukilazimika kuiacha, chora alama yako ubavuni mwa sahani na uipige picha.

Aliyekwisha kutapeliwa asitupe boksi wala kufuta meseji. Nenda polisi ukachukue RB, namba ya taarifa yako. Nembo bandia ni kazi ya Tume ya Ushindani, FCC, wapelekee boksi lenyewe. Meseji ya utapeli itume kwenda 15040. Mafundi mliowahi kufungua hizi krenki, wekeni hapa picha za ncha za pini, zikiwa zimeoshwa.